Majirani wa dini tofauti wanaotaka kusoma pamoja

Dada wa Kondele, umeuliza muanzie wapi: majirani Wakristo, Waislamu na familia moja ya Kihindu, mnataka kusoma hekima ya dini zenu bila kugombana, huku mama mkwe akilalamika kwamba mnachanganya imani.

Anzeni na jambo moja tu, namna ya kumtendea mwenzio. Yesu, katika Mathayo 7:12, anataka uwatendee watu unavyotaka kutendewa. Mtume Muhammad alifundisha kwamba mtu hajaamini mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe. Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindu, nayo inakataza kumfanyia mwingine linalokuchukiza. Utamu uko hapo, maana hayalingani kabisa: la kwanza linakutuma utende, la mwisho linakuzuia, la kati linagusa moyo kabla ya mkono. Bishaneni juu ya tofauti hiyo jioni nzima. Utatu wa Wakristo na tauhidi ya Waislamu (imani ya Mungu mmoja asiye na mshirika) wekeni kando (mimi ningeziacha mwaka mzima).

Kila mmoja aeleze kitabu chake, asimfafanulie jirani cha kwake. Wala msilazimishane kusali pamoja. Nadhani hilo ndilo linalomtia mama hofu, na hajakosea. Mwalike, tena mpe yeye asome Mithali.

Halafu nendeni hekalu la Masingasinga hapo mjini, mkaulizie langar: chakula cha bure, tajiri na maskini wote sakafuni. Funikeni vichwa, vueni viatu. Na Ramadhani ikifika, sogezeni kikao kiwe baada ya futari. Chai ya saa kumi itawaaibisha.