Kulungu wa kinamasi na kapibara: anza na fuvu

Ukipewa kazi ya kulinganisha kulungu na mgugunaji (mnyama wa kundi la panya), usianze na ukubwa wa mwili. Kapibara, mgugunaji mkubwa kuliko wote duniani, huweza kuzidi kilo 50, ilhali pudu wa kusini, kulungu wa Chile na Argentina, kwa kawaida hafiki kilo 15.

Wanaoanza mimi huwapa jozi hii: kulungu wa kinamasi (Blastocerus dichotomus) na kapibara (Hydrochoerus hydrochaeris). Wote hupatikana katika maeneo oevu kama Pantanal ya Brazili, wote hula mimea ya majini, na wote wana utando: kapibara kati ya vidole, kulungu kati ya kwato. Kufanana huko kumeletwa na maji, si undugu.

Kwenye fuvu tulia, usiharakishe. Wote wana pengo kati ya meno ya mbele na magego, na pengo hilo huwachanganya wengi wanaoshika fuvu kwa mara ya kwanza. Angalia taya la juu. Kulungu hana meno ya mbele huko. Ana ufizi mgumu, na meno manane ya chini hubana majani dhidi yake. Kapibara ana mawili juu na mawili chini, na hayaachi kukua maisha yote. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, ipo upande wa mbele tu, kwa hiyo nyuma hulika upesi zaidi na ncha hubaki kali kama patasi. Je, umeletewa fuvu lililopoteza meno? Angalia tundu la jicho. La kulungu limezungukwa na mfupa pande zote. La kapibara liko wazi kwa nyuma.

Pembe usizitegemee. Jike hana, na dume huziangusha zikaota nyingine.

Ukifika tumboni, uliza vijidudu vinavyovunja nyasi vinakaa wapi. Vya kulungu viko kwenye tumbo lenye vyumba vinne, kabla ya utumbo, naye hucheua. Vya kapibara viko mwanzoni mwa utumbo mpana, baada ya chakula kupita utumbo mwembamba unaofyonza virutubisho vingi. Ndiyo maana hula kinyesi chake laini, ili chakula kipite mara ya pili. Wanafunzi huandika jambo hili kwa aibu, mstari mmoja tu. Lipe aya nzima: kwangu ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya wanyama hawa wawili.