Doksisaiklini inayochoma kifua

Pole sana dada. Umesema unameza doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, ya mg 100 asubuhi na usiku, ya usiku unaishushia kwa mtindi ukiwa tayari kitandani, na sasa kifua kinawaka hata ukimeza ugali.

Dawa hiyo ina asidi. Kidonge kikikwama njiani kabla ya kufika tumboni, kinayeyukia hapohapo na kufanya kidonda. Kimeze baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, ukae wima walau nusu saa. Ya usiku imeze mapema, usingoje usingizi.

Mtindi kunywa saa nyingine. Kalsiamu yake hushikana na dawa tumboni, sehemu ya dawa isiingie kwenye damu. Vidonge vya kiungulia na vya kuongeza damu ndivyo vibaya zaidi; vitenganishe kwa saa mbili au tatu.

Na kwa kuwa unauza mitumba Kiboriloni juani, vaa mikono mirefu, kwani dawa hii hufanya ngozi iungue upesi na jua.

Usikatishe dozi kimyakimya. Ukiwa mjamzito, au maumivu yakizidi, mrudie daktari aliyekuandikia. Ukitapika damu au ukishindwa kumeza, nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC hapo Moshi saa hiyohiyo.