Flojistoni ilipofikishwa kwenye mizani

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Ikiwa wanasayansi wa zamani waliamini kwa dhati nadharia ambazo leo tunajua si za kweli, kwa nini tuziamini za leo?" Wapo wanaoliuliza kwa kutaka kujua, na wapo wanaoliuliza ili wapate mlango wa kukataa chochote wasichokipenda. Nawajibu wale wa kwanza. Wingi wa nadharia zilizoanguka haunitishi. Mimi hutazama zilivyoanguka, na kilichobaki baada ya kuanguka.

Nianze na flojistoni, kwa sababu ndiyo inayochekwa kuliko zote, nami naona inaonewa. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari na mkemia Mjerumani, Georg Ernst Stahl, alifundisha kwamba kila kinachoungua kina ndani yake kitu kisichoonekana kiitwacho flojistoni, na kuungua ni kuitoa. Mkaa huacha majivu kidogo kwa kuwa karibu wote ni flojistoni. Mshumaa uliofunikwa kwa chupa huzimika kwa kuwa hewa ya ndani imeshiba flojistoni, haipokei zaidi. Chuma kinachoshika kutu nacho kinaitoa, polepole, bila moto. Waliomfuata wakasema hata mnyama anayepumua anaitoa. Na ukiweka mawe ya madini kwenye tanuru pamoja na mkaa, mkaa huyagawia flojistoni yake, ndiyo maana metali inayong'aa inatoka.

Kuungua, kushika kutu, kupumua, kuyeyusha madini: kwa macho haya hayafanani hata kidogo, na watu hao wakasema ni jambo moja. Walisema kweli. Leo tunajua kwamba katika yote manne oksijeni inaungana na kitu au inaachana nacho. Walichokosea ni mwelekeo: walichodhani kinatoka, kumbe kinaingia. Sijui nadharia nyingi zilizokosea huku zikiwa zimeona mbali kiasi hicho.

Mizani ndiyo iliyoiangusha. Metali ikichomwa hadi igeuke unga, unga huo huwa mzito kuliko metali yenyewe. Mfaransa Jean Rey aliliandika hilo mwaka 1630, kabla Stahl hajazaliwa, na mwaka 1772 mkemia Mfaransa Guyton de Morveau alionyesha kwamba linatokea kwa metali moja baada ya nyingine. Kama kuna kitu kimetoka, uzito umeongezekaje? Baadhi ya watetezi walijibu kwamba flojistoni ina uzito hasi, yaani ikiondoka kitu kinakuwa kizito zaidi. Hapo ndipo nadharia hupoteza imani yangu. Kukutana na kipimo kinachoisumbua si aibu, kila nadharia hukutana nacho. Tatizo ni kupewa sifa mpya kila inapobanwa, na sifa hizo zisitabiri jambo lolote jingine ambalo mtu angeweza kwenda kulipima.

Aliyeleta ushahidi wa kuimaliza alikuwa mtetezi wake mkubwa. Tarehe 1 Agosti 1774, Mwingereza Joseph Priestley alikusanya miale ya jua kwa lenzi kubwa, akaielekeza kwenye unga mwekundu unaopatikana kwa kuchoma zebaki. Ukatoa hewa ambayo ndani yake mshumaa uliwaka kwa nguvu ya ajabu. Mwaka uliofuata akamtia panya katika hewa hiyo. Kwa uzoefu wake, panya wa ukubwa ule angedumu kama robo saa katika kiasi kilekile cha hewa ya kawaida. Huyu alidumu nusu saa, akatolewa akionekana amekufa, akaota moto, akazinduka. Priestley akahitimisha kwamba amepata hewa iliyoondolewa flojistoni yote, kwa hiyo ina njaa ya kuipokea. Ndani ya nadharia yake hitimisho hilo halina kasoro! Oksijeni ilikuwa mkononi mwake, naye akaiona kwa miwani ya Stahl.

Oktoba mwaka huohuo wa 1774 alikuwa Paris, akamsimulia mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier habari za hewa ile. Lavoisier aliipeleka habari hiyo kwenye mizani. Jaribio lake maarufu lataka kutazamwa kwa karibu. Alipasha zebaki moto kwa siku 12 katika chombo cha kioo chenye shingo ndefu iliyopinda, mdomo wake ukiishia ndani ya kengele ya kioo yenye hewa. Siku ya pili vikaanza kuonekana vidoa vyekundu juu ya zebaki, vikaongezeka, kisha vikakoma. Hewa, iliyokuwa inchi za ujazo 50, ilikuwa imepungua hadi 42 au 43, na iliyobaki ilizima mshumaa na kuua wanyama. Akaukusanya unga mwekundu, greini 45 kwa kipimo cha wakati ule, akauchoma kwa moto mkali zaidi. Akapata zebaki greini 41 na nusu, pamoja na inchi za ujazo 7 au 8 za hewa inayowasha mshumaa kwa nguvu. Kiasi kilichopotea mwanzoni kilikuwa kimerudi. Alipokichanganya na ile hewa mbovu iliyobaki, akapata hewa ya kawaida.

Katika hesabu hiyo flojistoni haina mahali pa kukaa. Haikukanushwa kwa maneno, ilikosa kazi.

Hata hivyo Priestley hakuikana. Mwaka 1800 alichapisha utetezi mwingine, na mwaka 1804 akafariki Marekani akiwa bado anaiamini. Lavoisier naye hakuwa na ukweli wote mfukoni. Aliamini kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni, jambo ambalo mkemia Mwingereza Humphry Davy alilivunja baadaye. Tena katika kitabu chake cha 1789 aliorodhesha joto, kwa jina la kaloriki, kuwa miongoni mwa elementi. Kaloriki ikaanguka pia, lakini kabla ya hapo mhandisi Mfaransa Sadi Carnot aliitumia mwaka 1824 kuonyesha kwamba ufanisi wa juu kabisa wa injini ya joto hutegemea halijoto mbili tu, ya pale joto linapotoka na ya pale linapoingia. Hilo ni kweli hadi leo. Kaloriki haipo, matokeo ya Carnot yapo.

Ndiyo maana nikisikia "nadharia ilitupwa" huuliza: ilitupwa sehemu gani? Mara nyingi uhusiano uliopimwa hubaki, na kinachoondoka ni kile kitu kisichoonekana kilichobuniwa ili kuueleza.

Na kuna kisa kimoja kinachofaa kila mwenye haraka ya kuhukumu, awe mwamini au mpingaji. Sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyopangiwa na hesabu za Newton. Mwanaastronomia Mfaransa Urbain Le Verrier akasema kuna sayari nyingine inayoivuta, akakokotoa ilipo. Usiku wa 23 Septemba 1846, Johann Galle akielekeza darubini kutoka Berlin aliikuta Neptuni, pungufu ya digrii moja kutoka pale pa hesabu. Mwaka 1859 Le Verrier huyohuyo akaikuta Utaridi nayo inapotoka kidogo. Akatumia mantiki ileile: kuna sayari ndani zaidi, karibu na Jua. Ikapewa jina la Vulcan, na wapo waliodai kuiona. Haikuwapo. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba sheria ya mvutano yenyewe ndiyo iliyohitaji marekebisho: kwa nadharia yake, zile sekunde 43 za pembe (sekunde moja ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) ambazo obiti ya Utaridi huzidi katika kila miaka 100 zilijitokeza zenyewe, bila sayari ya ziada. Mtu yuleyule na njia ileile. Mara moja alipatia, mara moja alikosea, na ni darubini tu zilizoweza kuamua. Newton hakuachwa. Hadi leo hesabu zake zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi ya kupeleka vyombo angani.

Mkiniuliza ni wapi leo tumesimama mahali kama pale, nitasema ni maada ya giza. Nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi kuliko inavyopaswa kwa maada tunayoiona. Vipimo vya wanaastronomia Wamarekani Vera Rubin na Kent Ford kuanzia 1970 vililifanya jambo hilo lisiweze kupuuzwa. Je, ni Neptuni nyingine, yaani maada ipo ila hatujaiona? Au ni Vulcan nyingine, na sheria ndiyo yenye kasoro, kama alivyopendekeza mwanafizikia Mordehai Milgrom mwaka 1983? Mimi naelemea upande wa maada, kwa sababu inaeleza pia mpangilio wa mionzi ya kale iliyojaa ulimwengu mzima, wala haikubuniwa kwa ajili ya galaksi peke yake. Lakini vifaa vilivyofichwa chini ya ardhi ili kuinasa chembe yake bado havijainasa kwa namna inayokubalika. Na atakayekuja na sheria mpya badala yake atadaiwa kueleza mizunguko ya galaksi, mionzi ile, na zile sekunde 43 za Utaridi, zote kwa pamoja.