Bastola ya kazini imeua mtu kwa bahati mbaya: nina dhambi, na niseme nini?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni askari polisi. Miezi michache iliyopita, baada ya lindo la usiku, nilikuwa naisafisha bastola ya kazini kabla ya kuirudisha ghalani. Nilivuta koki, risasi ikaruka, nikaiokota. Nikachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikaiweka mezani. Bastola zetu hazifunguki kusafishwa mpaka uvute triga kwanza. Nikaivuta, ikalia. Risasi ilitoboa ubao wa dirisha, ikampata mtu aliyekuwa nje anasubiri kuandikisha malalamiko yake. Alifariki siku ya tatu. Mkubwa wangu ameandika kwamba bastola "ilijifyatua yenyewe" na ameniambia nisiongeze neno. Wenzangu wananituliza kwamba ni qadar, majaaliwa ya Allah. Watu wa pale mtaani wakituona wanavuka upande wa pili. Je, nina dhambi? Nifanye nini baina yangu na Allah, na baina yangu na jamaa wa marehemu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Allah amrehemu marehemu, awape subira watu wake, nawe akupe ujasiri wa kuyabeba yaliyokupata.

Kabla sijakujibu nilimuuliza mzee mmoja aliyefundisha silaha miaka mingi, maana mufti asiyelijua jambo lilivyo hujibu swali ambalo hakuulizwa. Nilipomsomea maneno yako hakusubiri nimalize. "Ameanza na koki," akasema. Akanieleza kwamba magazini ndiyo hutoka kwanza. Ukivuta koki magazini ikiwa bado ndani, ile risasi inayoruka umeitoa kweli, lakini papo hapo magazini imeshapandisha nyingine chemba, yaani mahali risasi inapokaa tayari kupigwa. Wewe umeiona moja sakafuni, moyo ukatulia, ukachomoa magazini, na ya pili imebaki inasubiri kidole chako. Ndiyo maana hufundishwa kuitazama chemba kwa jicho, kuipapasa kwa kidole kama ni gizani, kisha kuelekeza mtutu kwenye pipa la mchanga kabla ya kugusa triga. Haya uliyajua. Umeyaandika mwenyewe kwa mpangilio wake uliopinda, na nadhani hukuyaandika hivyo kwa bahati.

Sasa dhambi. Allah anasema katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba hapana lawama juu yenu kwa mliyoyakosea, bali lawama iko katika yale yaliyokusudiwa na nyoyo zenu. Hukumkusudia yule mtu. Kwa hiyo tishio zito la aya ya 93 ya Suratun Nisaa, linalomhusu anayeua kwa makusudi, silo lako, na usiku linapokujia kichwani ulirudishe lilikotoka. Yako ni aya iliyo kabla yake, ya 92: kuua kwa kukosea.

Lakini usiifanye aya ile mto wa kulalia. Kuna mauti ambayo hukuyataka, na kuna uzembe uliotangulia mauti. Huu wa pili ulikuwa mkononi mwako. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alimwamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake, yaani ncha, asije akamjeruhi mtu. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Hakumuuliza mwenye mishale kama ana nia mbaya. Alimwekea utaratibu kabla ya ajali, kwa sababu sokoni kuna watu na chembe hakijui nia. Vilevile alikataza upanga kukabidhiwa mtu ukiwa nje ya ala. Mzee wangu wa silaha akiyasikia haya atasema ni sheria za pipa la mchanga, na sitambishia. Basi kwa kuuruka utaratibu uliofundishwa, leta tawba. Ama qadar, ni imani yetu na hufariji katika msiba. Haiandikwi kwenye ripoti kama chanzo cha kifo.

Aya ya 92 imekuwekea mawili. La kwanza ni kafara, nayo ni haki ya Allah: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Leo maana yake ni kufunga. Ukiacha siku moja bila udhuru, unaanza upya. Rai ya wanazuoni wengi ni kwamba kulisha masikini hakuingii hapa, kwa kuwa aya haikutaja jambo hilo. Jamaa wa marehemu hata wakikusamehe kila kitu, kafara hii hawawezi kukuondolea, maana si yao.

La pili ni diya, yaani fidia ya damu, nayo ni yao. Aya hiyohiyo imeitaja pia kwa aliyeuawa akitoka katika watu ambao mna mkataba nao, kwa hiyo usiniulize marehemu alikuwa wa dini gani. Katika kuua kwa kukosea diya haikuwekwa juu ya mkosaji peke yake, hubebwa na ukoo wake. Na wapo mafakihi, wanazuoni wa sheria, waliosema kwamba kosa la mtu anayefanya kazi ya umma hulipwa na hazina ya umma. Mahakama za nchi yako zina njia zake za fidia, na ukizifuata kwa ukweli hukutoka katika makusudio ya sheria.

Nimefika pale ambapo naona ndipo swali lako lilipo hasa. "Ilijifyatua yenyewe." Ndugu yangu, zipo silaha zenye kasoro zilizowahi kufyatuka kwa kuanguka tu. Yako haikuanguka, ilivutwa. Ukinyamaza mbele ya maneno yale, lililokuwa kosa linageuka kuwa ushahidi wa uongo, na hapo ndipo moyo unapokusudia. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatuamuru tuwe mashahidi wa haki japo ni juu ya nafsi zetu. Na mkubwa wako, pamoja na heshima yake, hana utiifu katika hili. Mtume amesema utiifu ni katika wema tu. Tena fikiria ripoti ile inafanya nini. Wenye marehemu watadai haki yao kwa nani, kwa chuma? Na askari wa zamu inayofuata ataendelea kuvuta koki kabla ya magazini, kwa kuwa karatasi imesema tatizo ni bastola.

Mwaka wa 8 Hijria, Khalid bin Walid alitumwa kwa kabila la Banu Jadhima. Walitaka kusema wamesilimu, wakasema neno lisilo sahihi, akawaua baadhi yao. Habari ilipofika, Mtume aliinua mikono akasema mara mbili: "Ewe Mola, mimi najitenga mbele yako na alichokifanya Khalid." Alisema hadharani, na Khalid alikuwa jemadari wake. Kisha, kwa mujibu wa wapokezi wa sira, akamtuma Ali na mali, akalipa damu na vilivyoharibika mpaka chombo cha mbwa cha kunywea maji, na kilichobaki akawaachia kwa tahadhari. Khalid aliendelea kuongoza vikosi baadaye. Kosa lake halikuwa la kidole kama lako, lakini tazama lililofanywa na waliomtuma.

Wanaovuka barabara wakiwaona, msiwachukie. Mtume ameeleza kuwa muumini ni yule ambaye watu wamemwamini juu ya damu zao na mali zao. Hawa walimpeleka mtu kushtaki, wakarudishiwa maiti na maelezo ambayo hata mtoto hayamwingii. Hata Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka askari awajibike kwa silaha na risasi alizokabidhiwa.

Kwa hiyo mtafute wakili kwanza, umweleze yote, kisha urekebishe maelezo yako kwa maandishi na kwa jina lako. Huenda ukapoteza kazi, huenda ukashtakiwa. Sitakudanganya kwamba hayatatokea.

Kwa jamaa, usianze kwenda mwenyewe. Tuma wazee wawili wanaoheshimika pande zote, waombe ruhusa. Wakikataa, ngoja, utume tena. Wakikubali, nenda bila sare na bila silaha, useme ulichofanya kwa mpangilio wake: koki, magazini, triga. Usitaje qadar wewe. Na kisa cha Hudhayfa, sahaba wa Mtume, ambaye baba yake aliuawa na Waislamu wenzake kwa kukosea siku ya Uhud, akawaombea msamaha na diya akaitoa sadaka, usiwasomee. Wakikikumbuka wao ni hiari yao. Kutoka kinywani mwako kitakuwa ni kudai.

Umeniuliza pia, kwenye ujumbe wako wa pili, kama funga ianze sasa au baada ya kesi. Ianze sasa, ila hesabu kwanza isije ikakutana na Ramadhani au Idi katikati.

Wallahu a'lam.