Maswali ya Wasomaji: Kuendesha Ligi ya Fantasy ya Poka

SWALI: Mhariri, salamu. Tuko marafiki kumi hapa Mombasa. Fantasy ya ligi ya Uingereza, yaani kuchagua wachezaji halisi na kupata alama kwa matokeo yao, tumeicheza miaka mingi, ila ikifungwa Mei tunakaa mikono mitupu hadi Agosti. Wengi wetu tunafuatilia poka, ule mchezo wa karata. Je, twaweza kuanzisha ligi kama ile kwa matokeo ya wachezaji wa kulipwa? Tuanzie wapi?

JIBU: Mwaweza, na kalenda yenyewe inawafaa. World Series of Poker, ambayo watu huiita WSOP, huchezwa Las Vegas kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai. Mshindi wa kila shindano hupewa bangili, na mwaka 2025 mashindano ya bangili ya mezani, yaani yasiyo ya mtandaoni, yalikuwa 100. Kwa ligi changa mfululizo huo mmoja watosha. Wanaojaribu kufuatilia mashindano ya dunia nzima mwaka mzima hushindwa kujaza matokeo, na ligi hufa kabla ya Septemba.

Mfano wa kufuata upo huko huko Las Vegas. Wachezaji wa kulipwa wenyewe, Daniel Negreanu akiwa kinara wao, wana ligi ambayo kila timu hutoa dola 25,000. Timu hupewa dola 200 za mnada, ambazo ni za hesabu tu, kununulia wachezaji 8. Acheni kiingilio chao, chukueni zile namba mbili: 200 na 8. Kumi nyinyi mtanunua wachezaji 80. Idadi hiyo yatosha kumfanya kila mtu atafute jina ambalo mwenzake hakuliwaza, na jedwali halitamshinda mtu mmoja kulijaza.

Jambo moja mlizoee mapema. Katika mpira, ratiba ni ya timu: mchezaji mzima wa afya atacheza Jumamosi. Katika poka mchezaji ndiye anayeamua aingie mashindano mangapi. Mmoja atakaa Las Vegas wiki saba na kuingia mashindano 50. Mwingine mwenye jina kubwa kuliko yeye atakuja kwa matano na kurudi kwao. Nunueni siku za kazi kwanza, jina baadaye. Wenye thamani kubwa ni wale wanaojua aina zote za mchezo, yaani Omaha, stud, razz na michanganyiko yake. Mashindano hayo ya kiingilio cha dola 10,000 mara nyingi huwa na watu mia moja hadi mia mbili tu, na nyuso ni zile zile.

SWALI: Mwaka jana tulifanya mnada kwenye kundi la WhatsApp. Mwenzetu mmoja alimaliza pesa akiwa na wachezaji watano, mwingine akadai bei yake ilifika kwanza. Tuliishia kununiana. Tufanyeje safari hii? — Kinondoni, Dar es Salaam

JIBU: La kwanza ni kosa la kanuni, la pili ni kosa la mahali.

Kanuni ni hii: hakuna anayeruhusiwa kutaja bei itakayomwacha bila angalau 1 kwa kila nafasi iliyobaki. Chukua pesa alizo nazo, toa nafasi zilizobaki zikiwa zimepungua moja. Mwanzoni ni 200 toa 7, kwa hiyo bei ya juu kabisa ni 193. Mwenye 40 na nafasi nne hawezi kupita 37. Mwekeni mtu mmoja asiye na timu awe dalali, na mbele yake awe na jedwali linaloonyesha kikomo cha kila mmoja. Bei iliyopita kikomo haisikiki.

Mnada wenyewe msiufanye kwa kuandika. Ujumbe hufika kwa mpangilio tofauti kwenye simu tofauti, kwa hiyo kila mmoja atakuwa na ushahidi wake na wote watakuwa wakweli. Kaeni pamoja, au mpige simu ya pamoja ambayo dalali pekee ndiye hutamka bei inayosimama. Anahesabu moja, mbili, tatu, na baada ya tatu jina limeuzwa. Mkienda kwa dakika moja na nusu kwa jina, majina 80 ya timu kumi yatachukua saa mbili. Anayetaja jina la kwanza apatikane kwa kura, kisha zamu izunguke.

Jumla ya pesa zote itakuwa 2,000, kwa hiyo wastani wa bei ni 25. Usiuchukue wastani huo kama dira. Majina kumi ya mwanzo hupanda mno kwa sababu kila mtu bado ana mfuko mzito, na theluthi ya mwisho huondoka kwa 1 hadi 5. Huko mwishoni ndiko mtu huishinda ligi au huipoteza. Aliyebaki na 30 wakati wenzake wana 6 huchagua anachotaka, na wanaopatikana huko ni wale wa razz na stud ambao televisheni haiwaonyeshi.

Mkizidi timu kumi na mbili, mnada utawachosha. Hapo pangeni bei za wachezaji mapema, kila mtu achague 8 ndani ya 200, na jina moja liruhusiwe kwenye timu nyingi.

SWALI: Alama tuzihesabu kwa pesa mchezaji alizoshinda au kwa nafasi aliyoshika? Tumebishana hadi tumechoka. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Kwa nafasi, na sababu ni mbili.

Kwanza, pesa zinazotangazwa ni za zawadi, hazijatolewa gharama. Mtu anaweza kulipa kiingilio cha dola 25,000 mara tatu katika shindano moja linaloruhusu kuingia tena, akapata zawadi ya dola 50,000. Kwenye rekodi anaonekana ameshinda 50,000, mfukoni amepoteza 25,000. Pili, shindano kuu la WSOP humeza kila kitu. Kiingilio chake ni dola 10,000, na mwaka 2024 viingilio, yaani idadi ya mara watu walizoingia, vilikuwa 10,112 na mshindi, Jonathan Tamayo, akapata dola milioni 10. Ukihesabu pesa, aliyemnunua mtu huyo kwa 1 amemaliza ligi, na kazi ya wiki sita ya wengine imekwenda na maji.

Tumieni kipeuo cha pili. Gawanya idadi ya viingilio kwa nafasi, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, zidisha kwa 10. Katika shindano la viingilio 400, wa kwanza anapata 200, wa nne 100, wa kumi na sita 50. Utaona alama hushuka kwa kasi juu na polepole chini, jinsi ugumu wenyewe ulivyo.

Kisha wekeni kikomo: viingilio vikizidi 900, andika 900. Bila kikomo hicho mashindano ya bei ndogo yenye maelfu ya watu yatayafunika yale magumu. Halafu zidisheni kwa uzito wa kiingilio: hadi dola 2,000 ni mara 1, zaidi ya hapo lakini chini ya 10,000 ni mara 1.5, kuanzia 10,000 lakini chini ya 25,000 ni mara 2, 25,000 na kuendelea ni mara 3. Kwa hesabu hii shindano la dola 50,000 lenye watu 100 humpa mshindi 300, sawa kabisa na mshindi wa shindano la dola 1,500 lenye watu 900. Mshindi wa shindano kuu anapata 600: nyingi, lakini si za kufunga ligi.

Kwenye jedwali la kompyuta, viingilio vikiwa safu B, nafasi safu C na uzito safu D, andika: =10*SQRT(MIN(900,B2)/C2)*D2

Dosari moja ya kanuni hii lazima muijue. WSOP kwa kawaida huwapa zawadi takriban asilimia 15 ya walioingia. Kwa hiyo wa mwisho kulipwa, liwe shindano la watu 200 au 900, hupata karibu 26 kabla ya uzito. Mchezaji anayejikokota hadi kwenye malipo mara kumi na mbili bila kukaribia meza ya mwisho atampita aliyechukua bangili moja ngumu. Ndiyo maana tunashauri nyongeza ya alama 100 kwa kila bangili, isiyozidishwa kwa uzito. Nyongeza ya kufika meza ya mwisho tunaikataa, ingawa watu huipenda. Meza ya mwisho ni watu tisa katika mashindano mengi, nane katika michezo ya stud, sita katika mashindano ya meza za watu sita, na mtaanza upya ubishi mliochoka nao.

SWALI: Timu mbili zinadai alama za David Baker mmoja. Nani mwenye haki?

JIBU: Inawezekana wote wawili, kwa sababu David Baker wako wawili, wote wa kulipwa, wote wana bangili. Mmoja huitwa Bakes na mwingine ODB. Siku ya mnada dalali aandike jina, lakabu, na kiungo cha ukurasa wa mchezaji kwenye Hendon Mob, ambako matokeo ya mashindano ya mezani huhifadhiwa. Fanyeni hivyo pia kwa Mizrachi: Michael na Robert ni ndugu, na anayeandika jina la ukoo peke yake anajitafutia kesi.

Kuhusu usahihi wa matokeo, hata waandaaji hukosea. Mwaka 2019, msimu wa WSOP ulipofungwa kwa mashindano yake ya Ulaya huko Rozvadov, Jamhuri ya Czech, Negreanu alitangazwa Mchezaji Bora wa Mwaka. Baadaye ikagundulika kwamba alikuwa amepewa alama za shindano ambalo hakulipwa, na tuzo ikaenda kwa Robert Campbell wa Australia. Hakuna aliyedanganya, mtu aliingiza mstari usio wake. Kwa hiyo kanuni yenu iseme: matokeo yanaweza kupingwa ndani ya siku 7 tangu shindano kuu limalizike, kisha jedwali linafungwa. Mshindi msimtangaze kabla ya siku hizo. Zikilingana alama, hesabuni bangili, kisha matokeo makubwa zaidi ya shindano moja.

SWALI: Nilimnunua mchezaji kwa 48 na hadi tarehe 10 Juni hajakanyaga Las Vegas. Je, naweza kumbadilisha? — Arusha

JIBU: Kama kanuni zenu hazikusema, la. Msibadilishe kanuni karata zikiwa zimeshagawiwa. Kwa mwaka ujao andikeni: kila timu ina badiliko moja, mwisho tarehe 15 Juni, na anayeingia awe hakununuliwa na mtu. Alama za aliyetoka zinabaki, za aliyeingia zinaanza siku hiyo. Mtego uko kwenye mashindano ya siku tatu au nne: mtu hubadilisha siku ya pili akishaona nani ana chipu nyingi, yaani vile vibao vinavyochezewa mezani. Uzibeni kwa sentensi moja: shindano ni la mchezaji aliyekuwa kikosini lilipoanza siku yake ya kwanza.

Mashindano ya mtandaoni na yale ya timu yaacheni nje kabisa. Ya mtandaoni mara nyingi huchezwa kwa majina ya bandia, na ya timu yatawalazimu kugawanya alama moja kwa watu wengi.

SWALI: Tukichanga pesa na kumpa mshindi, tutavunja sheria?

JIBU: Mnaweza kuvunja. Tanzania michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na Kenya nako biashara hiyo ni ya leseni. Kuchanga na kugawana kunaweza kuhesabiwa kuwa kamari. Nunueni kikombe, jina la mshindi lichongwe kila mwaka, na wa mwisho alipe nyama.

SWALI: Jedwali lijazwe saa ngapi? Mwenzetu hukesha kwa ajili yake.

JIBU: Asikeshe. Wakati wa kiangazi cha Marekani, Afrika Mashariki iko mbele ya Las Vegas kwa saa 10. Shindano linaloanza huko saa sita mchana, kwetu ni saa nne usiku. Meza ya mwisho inayokwisha kule saa saba usiku, kwetu ni saa tano asubuhi. Ajaze mara moja kwa siku, saa nane mchana, na jedwali liandikwe tarehe ya Las Vegas, la sivyo shindano moja litaingizwa mara mbili. Timu zote zifungwe kabla ya saa nne usiku ya siku ya shindano la kwanza.