Mnaoanza kusoma tezi za adrenali, msikariri "ngozi nyeusi" mkaishia hapo

Wadogo zangu, mimi nilikariri kwamba adrenali, ile tezi iliyokaa juu ya kila figo, ikifeli ngozi inakua nyeusi (ndo ugonjwa wa Addison), mtihani nikafaulu vizuri tu, nilipoingia wodini ndo nikagundua nilichokua nacho ni sentensi moja.

Weusi wenyewe hautoki kwenye adrenali. Adrenali ikiharibika kotisoli, homoni inayotengenezwa hapo, inashuka, tezi ya pituitari huko chini ya ubongo ikiona kotisoli haipo inazidi kumwaga homoni ya ACTH kuihimiza adrenali ifanye kazi, na adrenali ndo hivo haiwezi tena. Sasa ACTH ina asidi amino 39, na zile 13 za mwanzo ni zilezile za alfa-MSH, homoni inayoamsha seli za rangi, zote mbili zinakatwa kutoka protini moja inaitwa POMC. Kwa hiyo ACTH ikijaa kwenye damu inashika vipokezi vya MSH kwenye ngozi na melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inaongezeka. Chora mnyororo huu kwa mkono wako mpaka uuweze bila kuangalia, maana ukiuelewa lile swali linaloangusha wengi halikusumbui: aliyetumia steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, muda mrefu akaacha ghafla anakosa kotisoli vilevile ila haongezeki weusi, dawa ilishailaza pituitari na ACTH yake iko chini.

Wodini nilimpokea mama mmoja mwenye ngozi nyeusi, kakonda, anatapika, presha iko chini, anatamani chumvi. Nikaandika ngozi haina shida. Sista mmoja mzoefu akamshika mkono akaukunjua kuelekea dirishani, jamani ile mistari ya kiganja ilikua imekolea kama imepitiwa na kalamu, vifundo vya vidole pia, na kovu la karibuni jeusi tii wakati la zamani liko vilevile. Alafu akamuuliza binti yake, mama rangi yake ndo hii siku zote? Binti akafungua picha ya mwaka uliopita kwenye simu, tukanyamaza. Vipimo vikaja sodiamu chini, potasiamu juu, picha ya adrenali iliyofeli.

Toka siku hiyo siulizi kama mgonjwa ni mweusi, nauliza kama amebadilika. Hata fizi, wengi wetu tunazaliwa nazo nyeusi, uliza zilikuaje zamani, na angalia ndani ya mashavu kwa tochi. Daktari Thomas Addison alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1855 homoni hizi hazikua zinajulikana kabisa, alitegemea macho yake kwa wagonjwa na kwenye maiti.

Na ukimkuta mgonjwa wa hivi presha inaporomoka usikae kusubiri maabara, chukua damu ya kotisoli na ACTH haraka, ita mkubwa wako, haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) ya sindano na dripu ya chumvi vianze, majibu yatawakuta mmeshaanza.