Rafiki akija kukutembelea ughaibuni

Rafiki akikuandikia "nimepata likizo, nakuja kukuona", mjibu kwa furaha, kisha mtumie kalenda yako: tarehe za mitihani, za kuwasilisha kazi, na wiki ambazo huwezi kuomba ruhusa kazini. Fanya hivyo kabla hajalipia tiketi. Mwaka wangu wa kwanza niliona haya kusema. Rafiki yangu akafika siku nne kabla ya mtihani, na asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, nikamkuta jikoni ameshavaa viatu, begi mgongoni, kamera shingoni, ananingoja. Ningemwambia nini? Tulitoka. Mtihani ule niliurudia.

Ninyi wanafunzi mliofika ughaibuni mwaka huu, lishikeni hili: mgeni yuko likizo, mwenyeji hayuko. Ugomvi mwingi nilioushuhudia kati ya marafiki waliotembeleana ulianzia hapo.

Kuna suala la makaratasi pia. Soma mkataba wako wa pango, maana mabweni mengi yana kikomo cha siku za mgeni kulala. Uliza na sheria za nchi. Ufaransa, mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anayekuja kulala kwako anatakiwa kuwa na hati ya mapokezi, na anayeiomba ni wewe mwenyeji, kwenye ofisi ya meya wa unapoishi. China, mgeni anayelala nyumbani kwa mtu lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Kwa viza ya Schengen ya muda mfupi, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, mwisho ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Haya yaanzeni miezi kadhaa kabla.

Fedha zizungumzwe mapema, hata kama mmekua pamoja. Nani analipa nauli, nani viingilio. Ni mazungumzo ya dakika tano tu.

Sasa matembezi. Ushauri wangu ni jambo kubwa moja kwa siku, basi. Aliyesafiri hadi nchi ambayo saa zake zimepishana sana na za kwao huchukua takriban siku moja kwa kila saa ya tofauti mpaka mwili uzoee, hasa akielekea mashariki, kwa hiyo siku mbili za mwanzo msipange kitu kinachohitaji akili. Angalieni na siku za kufungwa. Niliwahi kumsafirisha mgeni saa mbili kwa treni hadi jumba la makumbusho, tukakuta lango lina kufuli. Kati ya majumba ya makumbusho ya Paris, Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu. Ukizichanganya, umepoteza siku ya mwenzio. Kwingine ni lazima kukata tiketi mapema: mchoro wa Karamu ya Mwisho kule Milano, watu huingizwa kwa makundi madogo na kupewa dakika 15. Pale Alhambra, ngome ya kale ya Granada, Uhispania, tiketi ya majumba ya Nasrid, yaani makasri ya wafalme yaliyomo ndani yake, ina saa yake ya kuingia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku mpe ufunguo na kadi ya usafiri. Mimi siku ya kwanza hupanda basi na mgeni wangu, na wakati wa kurudi namwacha atangulie yeye. Nanyamaza, hata akipita kituo, mpaka atambue mwenyewe. Akishaweza hilo, kesho yake naenda darasani moyo umetulia, naye anazunguka kwa mwendo wake. Jioni ana mengi ya kunisimulia, tena mengine sijawahi kuyaona mimi mwenyeji.

Na msidhani wamekuja kuona minara tu. Rafiki yangu mmoja aliomba nimpeleke maktaba ninakosomea. Nikamwonyesha kiti changu, kile cha dirishani. Akakaa, akapapasa meza, akatazama nje kwenye ule ukuta wa matofali ninaoutazama kila siku. "Kumbe ndipo unaponiandikia kutoka hapa," akasema. Tulikaa pale nusu saa bila maneno mengi. Mnara alioujia tuliuona kesho yake, mchana, baada ya kipindi changu cha mwisho.